Kutafuta kazi Kisumu, Nakuru na Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujionyesha vyema kwa mwajiri

Kwa miaka 9 kazi yangu ilikuwa kuajiri watu. Nilianzia Nakuru, katika ghala la vifaa vya ujenzi, nikachagua makarani na wauzaji. Baadaye nikahamia Kisumu, nikachagua wahudumu na wahasibu wa ngazi ya chini. Siku hizi vijana hunijia Jumapili baada ya ibada na bahasha zao za kaki, na maswali yao ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Jambo moja lishike tangu sasa. Mwajiri wa miji yetu, hasa mwenye biashara ndogo au ya kadiri, anatafuta mtu anayeweza kumwachia funguo za duka Ijumaa jioni, yeye aende matangani Siaya na usingizi umchukue. Karibu kila jibu hapa chini linatoka hapo.

## Mambo ya kwanza

1. Mwajiri huanza kunipima lini?

Kabla hujaketi. Ghala letu la Nakuru lilikuwa na soja mzee getini, na kila mahojiano yalipoisha bosi alishuka akamuuliza, "Leo nani alikuwa mtu?" Siku moja ya mvua dada mmoja kutoka Kaptembwo alifika na viatu vimejaa matope. Akamsalimia mzee, akamwomba gazeti kuukuu, akajipangusa viatu pale nje ndipo akakanyaga vigae. Mzee alilisimulia jambo hilo hata kabla ya kuulizwa. Dada huyo alikuwa wa 3 kwa alama za karatasi, na ndiye aliyekabidhiwa stoo.

Kwa hiyo wasalimie wote utakaowakuta: soja, karani wa mapokezi, mama anayepiga deki. Wasalimie kwa sababu ni watu wazima na umeingia kwao. Ukifanya hivyo kwa hesabu tu, watu hugundua.

2. Sina uzoefu wowote. Nitaonyesha nini?

Ni nadra sana nikae na kijana dakika 15 nikose kupata uzoefu ambao yeye mwenyewe hauhesabu. Umewahi kuuza mandazi stejini? Umekuwa mweka hazina wa vijana kanisani? Umemsaidia mjomba dukani Kondele likizo zote za shule? Hiyo ni kazi, na inaandikwa.

Iandike kwa kitu kinachohesabika. Sentensi "mimi ni mchapakazi na mwaminifu" imo katika kila barua, na haina uzito tena. Linganisha na hii: "Niliweka daftari la chama cha akina mama 24 kwa miaka 2, kila mmoja akichanga Sh200 kwa wiki, na hesabu ilisomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi." Ninapoisoma hiyo namwona mtu anayeshika pesa za wengine bila kuzitafuna, na neno uaminifu halijatajwa hata mara moja.

Wanafunzi wa vyuo kama Sigalagala, Kisumu National Polytechnic na Masinde Muliro: siku ya mwisho ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, usiondoke bila barua ya msimamizi wako na nambari yake ya simu. Baada ya mwaka mmoja atakuwa amehamishwa, na wewe utakuwa huna wa kukusemea.

3. Ni lazima nijuane na mtu?

Kujuana kuna nguvu, na anayekwambia sivyo anakudanganya. Lakini kuna kutajwa na kuna kubebwa. Kubebwa ni kuingizwa kazi usiyoiweza kwa sababu ya shangazi. Kutajwa ni fundi mmoja kumwambia mwenye duka, "Namjua kijana fulani, hesabu zake huwa sawa." Kutajwa hakuna aibu yoyote. Nafasi nyingi katika maduka, shule za binafsi na zahanati ndogo hujazwa hivyo bila tangazo kubandikwa popote.

Kosa ni namna ya kuomba. Ukimwambia mtu "nitafutie kazi," umemtwika mzigo. Mwambie hivi: "Mjomba, nimemaliza stashahada ya ugavi, natafuta kazi ya stoo hapa Kisumu au Kakamega. Ukisikia nafasi, naomba unitaje." Sasa anajua akutaje kwa nani, na aseme nini.

4. Nafasi zinazotangazwa huonekana wapi?

Za serikali ziko kwenye tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma, za bodi za utumishi wa umma za kaunti, na jarida la MyGov ambalo hutoka Jumanne. Za kampuni utazikuta kwenye tovuti za BrighterMonday, Fuzu na LinkedIn. Usidharau karatasi iliyobandikwa kwenye geti au dirisha la duka. Nafasi ya namna hiyo hujazwa ndani ya siku 2, na anayeingia kuuliza siku hiyo hiyo tayari ametangulia.

## Karatasi na simu

5. Wasifu uwe na kurasa ngapi, na niweke picha?

Kurasa 2 zinatosha, na picha weka tu ukiombwa. Ondoa nambari ya kitambulisho, majina ya wazazi, dini na hali ya ndoa. Hayo hayamsaidii mwajiri kuamua, na nambari ya kitambulisho ikizagaa inaweza kutumiwa vibaya na mtu usiyemjua. Kwa sababu hiyo hiyo, ukichapisha kwenye saiba, futa faili lako na utoke kwenye barua pepe kabla hujainuka.

Faili lipe jina lako. Nimepokea faili nyingi mno zinazoitwa "CV mpya kabisa 3". Itume kama PDF. Picha za karatasi zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda huonyesha na kitanda.

6. Barua ya maombi iwe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Fuata lugha ya tangazo. Ofisi nyingi hutangaza kwa Kiingereza, basi ijibu kwa Kiingereza. Kwa duka, karakana au hoteli ambako kila kitu huendeshwa kwa Kiswahili, barua safi ya Kiswahili haina kasoro. Usichanganye Sheng.

Muhimu kuliko lugha ni kwamba barua iwe yako. Wakati mmoja nilipokea barua 11 za nafasi moja, zote zimechapwa saiba moja, zinafanana neno kwa neno, na 4 kati yake bado zilikuwa na jina la kampuni nyingine. Sikuwaita hata mmoja. Inaniuma hadi leo, maana huenda mmoja wao alifaa, ila hakunipa njia ya kumtambua. Aya 3 zako mwenyewe zinatosha: kazi gani unaomba na uliisikia wapi, jambo moja ulilofanya linalohusiana nayo, na lini unaweza kufika.

7. Simu ina umuhimu gani hasa?

Mkubwa kuliko barua. Wengi hupoteza kazi kwenye simu na hawajui kwamba wameipoteza.

Jipigie kwa laini ya mtu mwingine usikie mwajiri anasikia nini. Kama Skiza yako, ule mlio anaousikia anayekupigia, ni wimbo wa matusi au mahubiri ya kupaza sauti, iondoe kwa sasa. Mwombe mwenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, akuonyeshe jina lako linavyotokea. Nimewahi kumpigia mwombaji wa kazi ya uhasibu nikaona "Deni Usipokee". Angalia na picha yako ya WhatsApp.

Simu ikikupata kwenye matatu au sokoni, usipigane na kelele. Sema, "Shikamoo, nimekusikia. Niko kwenye matatu, naomba nikupigie baada ya dakika 20." Kisha piga baada ya dakika hizo 20. Ukikuta simu uliyoikosa, piga kwa salio lako. Ujumbe wa "tafadhali nipigie" kwa mwajiri hufunga mlango, hata kama unajua mfukoni huna kitu; heri uazime simu ya jirani. Na ikiwa kwenu mtandao unashikika kwa shida, andika kwenye wasifu nambari ya pili ya mtu anayeweza kukufikishia habari siku hiyo hiyo, na mwambie mtu huyo kwamba umeiandika.

8. Naweza kupeleka barua mwenyewe?

Kwa biashara ndogo, ndiyo, na mara nyingi inasaidia. Epuka Jumatatu asubuhi, saa ya chakula cha mchana na siku za mwisho wa mwezi ambapo watu wanalipa na kulipwa. Uliza jina la aliyeipokea, liandike. Acha nakala tu. Vyeti halisi visikutoke mkononi.

9. Ni lazima niwe na cheti cha maadili mema na vibali vingine kabla ya kuomba?

Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2022 kwenye Sheria ya Ajira, mwajiri hafai kukudai vyeti vya uidhinishaji, kama hicho cha maadili mema, ila awe ananuia kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hiyo usikope pesa kuvikusanya vyote kabla hujaitwa popote. Jua tu vinapatikanaje. Cheti cha maadili mema huombwa kupitia eCitizen kwa Sh1,050, kisha unachukuliwa alama za vidole, kwa mfano katika Huduma Centre. PIN ya KRA haina malipo, na hiyo iwe nayo mapema.

10. Nani anafaa kuwa mrejelewa wangu?

Mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mwombe ruhusa kwanza, na kila unapoitwa mahojiano mtumie ujumbe umwambie ni kazi gani. Nimepiga simu nikaulizwa, "Nani? Huyo simkumbuki." Mchungaji au mwalimu mkuu anafaa ikiwa umewahi kumfanyia kazi fulani, lakini kama anakujua kwa sura tu, atasema unatoka familia nzuri na hapo maneno yataisha.

## Siku ya mahojiano

11. Nivae nini?

Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayokutosha. Shati la mitumba la Kibuye likipigwa pasi vyema halina tofauti na la dukani mbele ya meza. Kisumu kuna joto. Ukivaa suti nzito kutoka Nyalenda kwa miguu utaingia umelowa jasho, basi koti libebe mkononi na ulivae ukifika. Nakuru asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi. Ukipanda boda, beba kitambaa cha viatu. Kazi ya gereji au mjengo haitaki tai. Suruali safi na buti zilizofungwa zinasema umejiandaa kuanza hata leo.

12. Nifike saa ngapi, na nikichelewa je?

Uwe getini dakika 20 kabla. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50, lakini matatu haiondoki hadi ijae, halafu kuna Chavakali, kuna Kiboswa, na Kondele peke yake inaweza kukumeza nusu saa. Kama mahojiano ni asubuhi mapema na una jamaa mjini, lala kwake.

Hakikisha na saa yenyewe. Nilimpigia kijana wa Mbale nikamwambia kwa Kiswahili aje saa mbili. Akaandika "2" kwenye kiganja, akafika saa nane mchana. Kosa lilikuwa letu sote wawili, ila aliyeumia ni yeye. Tangu hapo huwa nasema, na wewe uwe ukiuliza: "Saa mbili asubuhi, yaani 8.00 kwenye simu, sivyo?"

Ukiona utachelewa, piga kabla ya saa iliyopangwa. Sema uko wapi kwa ukweli. Mtu aliye Kiboswa akisema "nimefika Kondele" huwa tunajua, kwa sababu sisi pia tunaipita barabara hiyo.

13. Nisalimieje, na nizungumze lugha gani?

Salimia wote chumbani, subiri ukaribishwe kuketi, zima simu kabla ya kuingia. "Madam" na "bwana" zinafaa karibu kila mahali. Mzee wa makamo anayemiliki duka lake hatakasirika ukimwita mzee.

Jibu kwa lugha uliyoulizwa. Kama mmoja wa wanajopo atakuamkia kwa Kijaluo au Kiluhya, mwitikie kwa heshima kisha rudi kwenye lugha ya wote. Ukiendelea nayo, yule wa tatu ambaye haisikii anatengwa, na huenda ndiye anayeshika kalamu.

14. Wakisema "tueleze kukuhusu," niseme nini?

Hapa ndipo wengi huanza na mwaka wa kuzaliwa, kijiji, idadi ya ndugu na shule ya msingi. Jopo linasinzia. Wanachotaka ni dakika 2 zinazojibu swali moja ambalo hawajalitamka: ukipewa kazi hii, utakuwaje?

Chukua mfano wa anayeomba kazi ya mapokezi katika zahanati Nakuru:

"Ninaitwa Chebet. Nilimaliza kozi ya usimamizi wa ofisi, kisha nikafanya atachimenti ya miezi 3 kwenye zahanati yenye wagonjwa kama 40 kwa siku. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikisha na kutafuta faili. Mwanzoni wagonjwa walikuwa wanasubiri sana kwa sababu faili zilipangwa kwa tarehe. Nilimwomba muuguzi mkuu tuzipange kwa majina, tukamaliza Jumamosi mbili. Ningependa kufanya kazi ya namna hiyo hapa."

Tazama alichokifanya. Ametaja mahali, kiasi, tatizo, na kwamba aliomba ruhusa kwanza. Hakujisifu popote. Andaa visa 2 au 3 vya aina hii kutoka maisha yako na uvisimulie nyumbani kwa sauti hadi visikwame mdomoni. Usivikariri neno kwa neno, kwa sababu ukikatizwa katikati utapotea.

15. Na wakiuliza udhaifu wangu?

Taja mmoja wa kweli usioua kazi, na unachofanya kuudhibiti. "Mimi hujituma kupita kiasi" tumeisikia mara nyingi mno.

16. Mshahara ninaoutaka: nitaje kiasi gani?

Ulizia kabla, kwa watu wanaofanya kazi kama hiyo katika mji huo huo; mishahara ya Nairobi isikuongoze. Kisha piga hesabu ya kodi ya nyumba na nauli. Kijana wa Ahero anayefanya kazi Kisumu hulipa nauli mara 2 kila siku, na mshahara unaoonekana mzuri unaweza kuishia barabarani.

Ukiulizwa, taja kiwango cha chini na cha juu, ukaeleze kwa nini: "Kulingana na nilivyoulizia, kazi hii hapa mjini hulipa kati ya kiasi hiki na hiki, nami nina uzoefu wa miaka 2." Usiseme "chochote mtakachonipa." Unafikiri ni unyenyekevu, lakini mwajiri anaona mtu atakayeondoka baada ya miezi 2 kwa sababu hakupiga hesabu.

Uliza pia kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya makato. Bima ya afya ya SHA huchukua asilimia 2.75 ya mshahara, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na bado kuna NSSF ya akiba ya uzeeni na kodi ya mapato.

17. Mwisho wakisema "una swali?" niulize?

Uliza. Swali ninalolipenda ni hili: "Mtu anayeifanya kazi hii vizuri hapa kwenu, siku yake huwaje?" Jibu litakufaa, upate kazi au usipate.

18. Mahojiano ya simu au video nikiwa kijijini?

Tafuta mapema mahali penye mtandao, hata iwe ni uwanja wa shule. Nunua bando siku iliyotangulia, chaji simu hadi ijae kwa sababu umeme huenda na kurudi, keti uso ukielekea dirisha. Jogoo akiwika, omba radhi mara moja tu na uendelee. Hakuna mwajiri wa huku asiyejua sauti ya jogoo.

## Hali za kipekee

19. Nilifutwa kazi. Niseme au ninyamaze?

Usianze nalo, lakini ukiulizwa usidanganye. Miji yetu ni midogo. Aliyekufuta huenda anacheza gofu na anayekuhoji, au wanasali pamoja. Sema kwa sentensi 3: kilichotokea, sehemu yako ndani yake, ulichobadilisha. "Nilifutwa kwa sababu hesabu ya stoo ilipungua na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sikuiba, lakini nilikuwa nimetia saini bila kuhesabu. Sasa sitii saini kitu ambacho sijakihesabu kwa mkono wangu." Nilimwajiri aliyenipa jibu la namna hiyo. Usimseme vibaya bosi wa zamani, hata kama alikukosea. Anayekusikiliza ataanza kuwaza utakavyomsema yeye.

Jua haki yako pia. Ukifanya kazi kwa wiki 4 mfululizo au zaidi, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, hata kama amekufuta. Cheti hicho kinaonyesha ulianza lini, ulimaliza lini, kazi yenyewe na mahali ulipoifanyia. Sababu ya kuondoka haimo katika yale ambayo sheria inayataja.

20. Nilikaa nyumbani miaka 3 nikimuuguza mama. Naandikaje?

Andika hivyo hivyo kwa mstari mmoja, pamoja na miaka yenyewe. Mstari mtupu ndio unaoleta maswali. Kama wakati huo ulikuwa ukifuga kuku au kuendesha shamba, ongeza.

21. Majina kwenye vyeti na kitambulisho hayalingani.

Hili ni la kawaida kwetu, hasa kwa jina la ubatizo au la ndoa. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo upate hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Iambatishe mwenyewe. Usingoje waione tofauti hiyo wao kwanza.

22. Nina mimba. Je, ni lazima niwaambie?

Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inakataza kubagua kwa sababu ya ujauzito, na inakuhusu hata wewe ambaye bado unaomba kazi. Hulazimiki kulitaja kwenye barua wala mahojiano. Ushauri wangu: ukishapewa kazi, na kama kuna mizigo mizito au dawa za kunyunyiza kama kwenye mashamba ya maua, sema mapema kwa ajili yako na mtoto. Vilevile, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kukulazimisha upimwe virusi ili uajiriwe.

23. Mimi ni Msabato. Niseme lini kuhusu Jumamosi?

Kabla ya kukubali kazi, si baada. Wakati mzuri ni wanapoeleza ratiba. "Jumamosi ni siku yangu ya ibada. Niko tayari kushika zamu za Jumapili na sikukuu." Wasabato ni wengi Kisii, Nyamira na kando ya ziwa, na waajiri wa huku wamelisikia ombi hili mara nyingi. Wanachokichukia ni kuligundua Ijumaa ya kwanza jua likizama. Kifungu cha 5 kilichotajwa katika swali la 22 kinalinda dini pia.

24. Mimi si wa kabila la hapa. Nijisumbue kuomba kazi ya kaunti?

Omba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Naijua hali ilivyo mitaani na siwezi kukuahidi kwamba kila bodi huitii sawasawa. Lakini usiyeomba hutahesabiwa hata katika malalamiko.

Katika biashara ya mtu binafsi, ukiulizwa "wewe ni wa wapi?" jibu bila kununa. Mara nyingi mtu anatafuta la kuzungumza. "Nyumbani ni Vihiga, lakini nimeishi Nakuru miaka 6 na wateja wa huku nawajua."

25. Nimeombwa pesa ili nipewe kazi.

Usitoe. Iwe inaitwa ada ya fomu, sare, mafunzo, uchunguzi wa afya au chai ya mkubwa, mwajiri anayekutaka hakuuzii kazi. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa ajili ya barua ya kazi iliyochapwa saiba, na kijana akafika kwenye geti la mahali ambako hakuna aliyemtarajia. Alisimama pale na sanduku lake hadi jioni.

Dalili ni hizi: umepata kazi ambayo hukuiomba, hakuna mahojiano, unaambiwa utume M-Pesa kwa nambari ya mtu binafsi leo kabla ya saa fulani. Tafuta nambari ya kampuni mwenyewe, upige, uulize. Hongo katika ofisi ya umma iripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, simu 1551, bila malipo.

Anayekudai mwili ni mkosaji zaidi ya huyo. Ondoka, hifadhi ujumbe wake wote, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Sababu si mvuto wako wala mavazi yako. Ni kosa lake la jinai.

26. Wananitaka nifanye kazi ya majaribio bila malipo.

Nusu siku ya kuonyesha unavyopika, unavyoshona au unavyokata nywele ni haki yao kuiona. Wiki 2 bila malipo si majaribio tena. Uliza kwa upole: "Majaribio ni siku ngapi, na nitalipwa kiasi gani?" Kipindi cha majaribio kinachotambuliwa na sheria kina mshahara na mkataba wake, na hakizidi miezi 6 ila kwa kukubaliana na wewe.

## Baada ya mahojiano

27. Nitume ujumbe wa shukrani? Nifuatilie baada ya muda gani?

Ujumbe mfupi siku hiyo hiyo au kesho yake unatosha. Kisha ngoja hadi siku waliyosema. Ikipita, ongeza siku 3, upige mara moja. Kupiga kila asubuhi humfanya mtu aliyekupenda aanze kukukwepa. Na ukikosa, uliza kwa heshima ulipungukiwa wapi. Mara 2 nimemwita mtu aliyeniuliza hivyo, baada ya yule wa kwanza kushindwa.

28. Nimekubali kazi moja, sasa nimepata nyingine bora. Naweza kutoweka tu?

Hapana. Kuna mtu amekutayarishia meza, na huenda yule aliyekufuata kwenye orodha anaambiwa leo kwamba amekosa. Piga simu siku hiyo hiyo, ikishindikana tuma ujumbe. Unaweza kuandika hivi: "Habari ya asubuhi madam. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimepata kazi nyingine nitakayoianza wiki hii, kwa hiyo sitaweza kuja Jumatatu. Nimekujulisha mapema ili muweze kumwita mwingine. Samahani kwa usumbufu."